Maji Yaliyotuhama

Watu wa kanisa letu wakinisikia ninasimulia habari hii huwa wanainamisha macho, na mimi siwahurumii. Nitaisimulia kama ilivyokuwa.

Bwana yangu alikuwa masoni, fundi wa kujenga kwa mawe. Ngazi za kanisa letu, zile za mawe zinazopanda kutoka barabarani mpaka mlangoni, alizijenga yeye. Ni ngazi ndefu na kali, maana kanisa liko juu ya mteremko, kama karibu kila kitu hapa Rusizi. Siku alipozimaliza alinipandisha nikiwa na viatu vya kisigino ili aone kama kuna jiwe litakalocheza. Hakuna lililocheza. Alifurahi sana siku ile, akarudi nyumbani akiimba njia nzima, na mimi nikamwambia anyamaze, watu wanatutazama.

Tansio, yaani presha ya damu, ilimpiga mchana, akiwa anajenga ukuta wa nyumba ya mtu. Wenzake walisema aliangusha mwiko, akainama kuuokota, akashindwa kuinuka. Nilipofika hospitalini mdomo ulikuwa umeenda upande, na mkono na mguu wa kushoto vimelala kabisa. Sauti ilimbakia, nzito kidogo, ya mtu aliyeamka sasa hivi. Neno lake la kwanza lilikuwa kuniuliza kama nimefunga mlango wa nyumba. Nililia palepale, kwa hasira, maana nilikuwa nimeuacha wazi.

Daktari alisema mguu unaweza kurudi na unaweza usirudi, tuukandekande kila siku na tusiache dawa. Basi tukarudi nyumbani na jambo moja tu la kungojea: kwamba atembee. Sikuomba utajiri, sikuomba nyumba ya ghorofa. Niliomba mguu.

Mwanzoni kanisa lilitubeba, siwezi kusema uongo. Watoto wetu wamekwisha kuwa wakubwa, wako mbali na maisha yao, kwa hiyo mikono ya kusaidia ilikuwa ya kanisa. Kina mama walikuja asubuhi kumwosha na kumgeuza kitandani, mmoja anashika bega, mwingine kiuno. Kiongozi wao alikuwa mama mmoja mnene, mcheshi, rafiki yangu tangu tulipokuwa wasichana kule Bukavu, ng’ambo ya mpaka. Yeye alimwosha bwana yangu huku akimtania kwamba amekuwa mtoto wa kanisa, atapewa jina jipya. Bwana yangu alikuwa anacheka mpaka anakohoa. Na wanaume walikuja na ingobyi, ile machela ya kusuka ambayo majirani wa kilima chetu wanaiweka kwa ajili ya wagonjwa, wakamchukua mabegani kila alipotaka kwenda mahali.

Mahali alipotaka kwenda ni Nyakabuye. Mzee mmoja jirani alituambia habari za maji ya moto ya kule, yanayotoka chini ya ardhi yenyewe, kwamba yaliwahi kumnyoosha yeye goti. Mimi nilikuwa na mashaka. Bwana yangu akasema kama Mungu aliweza kuweka moto chini ya maji bila kuyamaliza, basi hakuyaweka pale bure. Wanaume wakamshusha na ingobyi mpaka barabarani, tukapanda taksi, tukateremka upande wa Bugarama, na vijana wa kule wakatusaidia mpaka majini.

Sikujua kama ningekuja kuyapenda maji yale namna hiyo. Watu wamekaa ndani na nguo zao, wazee kwa vijana, wenye mgongo, wenye ukurutu, wenye huzuni tu. Kando moja wanaimba nyimbo za Kiprotestanti, kando nyingine kuna mama anasali rozari. Niliketi majini, nikaweka mguu wake wa kushoto juu ya mapaja yangu, nikaushika chini ya kisigino kwa mkono mmoja na kuukanda kwa mwingine.  Nilikuwa mwanamke mzee nimekaa kwenye maji ya moto na bwana yangu, na nilikuwa na furaha, Mungu anisamehe, kwa sababu hata ujana wetu haukutupa nafasi ya kukaa hivyo.

Tulikwenda mara nyingi. Na siku moja, nikiwa nimekishika kile kisigino, kidole kikubwa kilisogea. Nilidhani ni maji. Nikamwambia arudie, akakunja uso wote kama mtu anayeinua gunia, na kidole kikasogea tena. Mama wa rozari alipiga vigelegele. Bwana yangu alilia bila kujificha, na mimi nikamwosha uso kwa maji yaleyale.

Sasa lazima nieleze desturi moja, maana bila hiyo huwezi kuelewa kilichotupata. Sisi tuliokulia Bukavu tulirudi huku Rusizi na ushuhuda wa imani. Unasimama mbele ya kanisa, unamshukuru Mungu kwa jambo ambalo hujaliona bado. Dada asiye na mtoto anashukuru kwa mtoto. Anayetafuta kazi anashukuru kwa kazi. Na ukishashuhudia, hakuna anayeruhusiwa kusema kinyume. Kumwuliza yule dada kama amepata mimba ni kubomoa. Kumpa pole ni kubomoa zaidi.

Bwana yangu hakushauriana nami. Jumapili iliyofuata siku ya kidole, wanaume walipomfikisha kanisani na ingobyi, aliomba kipaza sauti. Nikadhani atasimulia habari ya kidole. Akasema amepona. Akasema Jumapili ya Shukrani, ile tunayoleta mavuno mbele, atapanda ngazi zake kwa miguu yake mwenyewe, bila kushikwa na mtu. Kanisa lililipuka. Pasta aliruka juu, kina mama wakatandika vitenge vyao sakafuni pale alipokaa. Mimi peke yangu nilibaki nimekaa, nikiutazama mguu wake ulivyolala ndani ya ingobyi na kiatu nilichomfunga mimi asubuhi.

Kesho yake hakuja mtu.

Nilidhani wamechelewa. Nikamwosha peke yangu, nikamgeuza peke yangu, kiuno changu kikalia. Siku iliyofuata hakuja mtu. Juma likaisha. Nikaenda kwa yule rafiki yangu, nikamkuta anapepeta maharage uani kwake, nikamwuliza tumewakosea nini. Akaacha ungo, akanishika mikono miwili, machozi yakimlengalenga. Hakuwa na ubaya hata kidogo, na hilo ndilo lililonitia wazimu.

“Maman, tutakuja kumuosha namna gani muntu mwenye Mungu amekwisha kuponesha?” akasema. “Tutakuwa tunabomoa imani yake. Tunakuombea, tuko tunafunga kwa ajili yenu.”

Nilimjibu kwamba kufunga kwao hakumgeuzi mtu kitandani. Nikaondoka kabla sijasema mengine, maana ulimi wangu naujua.

Wanaume nao vilevile. Ingobyi ilirudishwa ikatundikwa, kwa sababu nani ataleta ingobyi kwa mtu aliyepona? Nikamwambia bwana yangu: umeona ulichofanya, umetufukuzia watu.  Kisha akasema alikuwa na furaha tu, furaha ilimzidi. Nilitaka kumpiga na nilitaka kumkumbatia, nikaishia kwenda kuosha sufuria.

Lakini majini tulikwenda. Alikuwa na toroli lake la kubebea mchanga, liko nyuma ya nyumba limeanza kushika kutu. Nikaliosha, nikatandika godoro la mtoto, nikamkalisha ndani, nikalisukuma mpaka barabarani, na taksi ikalibeba pamoja nasi. Sijui kama umewahi kusukuma mume wako katika toroli mbele ya watu wa kanisa lako. Walinisalimu kwa upole sana. Wengine waligeuza uso, si kwa dharau, ni ili wasione ambacho imani yao ilikataza kuonekana. Na yeye ndani ya toroli anawasalimu kwa mkono wa kulia kama mheshimiwa, anawauliza habari za nyumbani. Alinikasirisha mpaka nikacheka.

Ndipo maji yakahama.

Tulifika Nyakabuye asubuhi, na kabla ya kuona nikasikia, au tuseme sikusikia. Hakukuwa na nyimbo. Watu walikuwa wamesimama na mabeseni na taulo zao, wanatazama chini. Pale tulipokuwa tunakaa palikuwa na mawe makavu na tope lenye alama za miguu, na mahali padogo palipobaki palikuwa na maji ya kumwosha kuku tu, ya baridi. Mtu mmoja alisema yametokea mahali pengine. Mwingine alisema yameingia ardhini. Hakuna aliyejua, na mpaka leo hakuna aliyenieleza nikaelewa. Mama wa rozari alikuwa ameketi kando, rozari mfukoni.

Bwana yangu akaniomba nimshushe. Nikamwambia nikushushe wapi, kwenye mawe? Akasema ndiyo. Vijana wakanisaidia, tukamkalisha palepale pa zamani, suruali yake ikaingia vumbi. Nikaketi karibu naye. Akafumba macho akaanza kuomba, na mimi nikakaza roho, nikijua kwamba sasa atamdai Mungu ule mguu, na nilikuwa tayari kudai pamoja naye kwa sauti itakayosikika mpaka ng’ambo.

“Mungu, aksanti kwa maji yenye ulitupatia,” akasema. “Huyu bibi yangu ana hasira, wewe unamujua. Usimuache. Hata mimi nikienda, wewe usimuache.”

 Kwetu mmoja akiomba mwingine anafunga kwa Amina. Ndivyo tulivyoishi tangu tulipooana, asubuhi na jioni. Akangoja. Akafumbua jicho moja.

“Niko nangojea Amina yako.”

“Haukuomba mguu,” nikamwambia.

“Mungu anajua mguu uko wapi.”

Sikusema Amina. Nilisimama, nikakung’uta sketi, nikaita vijana waje tumwinue. Nilimwambia Mungu moyoni maneno ambayo sitayaandika hapa. Mtu amekaa majini mwako anakushukuru, umempa kidole kimoja, halafu unaondoa maji? Hata binadamu mwenye roho mbaya hamwondolei mgonjwa kikombe mdomoni. Na yeye, badala ya kulia, ananiombea mimi. Aliyepooza pale alikuwa yeye, si mimi. Njia nzima kurudi nilitazama nje, mashamba ya mpunga yakipita, na yeye akanishika mkono nami sikuutoa, lakini Amina sikuisema. Sijutii. Siku ile ingekuwa uongo.

Kidole hakikusogea tena baada ya hapo. Nilikikanda kwa maji ya sufuria, nikakanda mpaka vidole vyangu vikavimba. Mguu ulikuwa unazidi kukonda, na kiatu kilianza kupwaya. Nikamwomba atume neno kwa pasta kwamba ahadi ya Shukrani ni ngumu, isogezwe. Akakataa. Alisema aliitoa mbele ya watu, ataijibia mbele ya watu.

Jumapili ya Shukrani nilimvalisha suti aliyoivaa kwenye harusi ya binti yetu. Nikamsukuma na toroli mpaka chini ya ngazi. Kanisa lote lilikuwa limetoka nje, limesimama juu mlangoni, kina mama na kitenge kimoja kipya walichoshona kwa ajili yetu, cha kijani na ndege weupe. Kwaya ilikuwa inaimba. Nilitazama zile ngazi na kwa mara ya kwanza nikaona zilivyo kali, na kwamba masoni wangu hakuweka hata bomba la kushikia. Nani alikuwa anawaza wagonjwa siku zile?

Alinishika bega akasimama kwa mguu wa kulia. Kisha akaniambia nimwachie. Nikamwachia, nikabaki na mikono wazi nyuma yake. Akaweka kiganja cha kulia kwenye ukuta wa pembeni, ukuta wake mwenyewe, akavuta pumzi, akakunja uso vilevile kama siku ya kidole. Mguu wa kushoto haukuinuka. Akajaribu tena. Kisigino kilikwaruza ardhi kidogo, basi. Jasho lilikuwa linamtoka nyuma ya masikio, nililiona linaingia kwenye kola niliyoipiga pasi.

Juu kule waliendelea kuimba. Wimbo uliisha, wakauanza upya. Ukaisha, wakauanza tena, sauti zikipungua, na hakuna hata mmoja aliyeteremka. Niliwaona wanavyoteseka. Walitaka kuja na hawakuthubutu, kila mmoja akiogopa kuwa yeye ndiye atakayeharibu muujiza. Rafiki yangu alikuwa ameziba mdomo kwa ncha ya kitenge. Wimbo ulipoisha tena hakuna aliyeuanza.

Hapo bwana yangu akainua kichwa. Alikuwa anatetemeka ukutani, lakini sauti ilitoka safi kuliko siku zote tangu augue.

“Sikupona,” akasema. “Nilisema nimepona, lakini sikupona. Mungu ni Mungu wangu, na kupanda siwezi. Mukuje munibebe.”

 Pasta alikuwa na Biblia mkononi, akaishusha. Kisha rafiki yangu akavua viatu, akateremka zile ngazi na unene wake wote, analia kwa sauti, akafika chini akapiga magoti akaushika ule mguu wa kushoto kwa mikono miwili.  Wanaume wakamfuata. Wakafunganisha mikono wakafanya kiti, wakamwinua, wakampandisha, na yeye njiani anawaonyesha mahali pa kukanyaga, kwamba jiwe hili linateleza mvua ikinyesha.

Kesho yake kina mama walikuja asubuhi kabla sijawasha moto. Walimwosha. Hakuna aliyeomba msamaha kwa maneno na mimi sikudai. Niliwatengea uji, wakanywa.

Sitaki mtu asome hapa adhani hadithi iliishia pale. Tansio ilirudi kiangazi, mchana tena, amekaa uani ananiambia jinsi ya kuziba ufa wa jiko. Alikuwa katikati ya sentensi. Alisema nichanganye majivu na, halafu hakusema na nini. Nilimngoja amalizie. Ingobyi ikaja, ikampandisha ngazi zake mara ya mwisho, na watu walikuwa wengi mpaka wengine wakabaki barabarani. Pasta aliniuliza kama nina ushuhuda. Nikasimama, nikasema hakupona, nikakaa.

Tangu siku hiyo sikuomba. Nilikwenda kanisani, niliimba, nilipeleka viazi vya mavuno, lakini nyumbani, asubuhi na jioni, nilinyamaza. Niombe na nani? Nikifungua mdomo, hakuna wa kufunga. Na Mungu mwenyewe tulikuwa hatusemezani.

Halafu mwanamke mmoja anayeuza mchele wa Bugarama akaniambia sokoni, akipima mchele wake, kwamba maji yamerudi. Alisema kama habari njema. Nilimwachia mchele wake pale bila kuuchukua. Damu ilinipanda mpaka masikio yakapiga kelele. Yamerudi. Baada ya kumzika, yamerudi!

Nilishuka Nyakabuye peke yangu, nimekaza taya njia nzima, nimejipanga kugombana. Ni kweli yalikuwapo, yanatoa mvuke, watu wamejaa, wanaimba. Mama wa rozari alikuwa mahali pake. Aliniona, akatazama nyuma yangu, akatafuta toroli. Nikatikisa kichwa. Akasogea kunipa nafasi.

Niliingia na nguo zangu nikaketi palepale. Nikamwambia Mungu, kwa sauti, umechelewa. Mwanamke wa pembeni aligeuka kunitazama, nikamwacha atazame. Nikangoja hasira imalizike na haikumalizika. Nilipotazama chini niliona mkono wangu wa kushoto uko chini ya maji, umekunjwa kikombe juu ya mapaja yangu, mahali kisigino chake kilipokuwa kinakaa. Sikuuweka pale mimi. Ulikwenda wenyewe.

Nikakumbuka kwamba hakuomba mguu. Aliomba nisiachwe, akafumbua jicho moja, akangoja.

“Amina,” nikasema. Niliisema kwa hasira, lakini niliisema, na mkono nikauacha palepale.